Utafiti wa panya katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo

Utafiti wa panya katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (kwa kifupi SUA) ni kazi ya kisayansi inayofanyika mjini Morogoro, Tanzania, tangu miaka ya 1980. Ulianza kwa ajili ya wakulima wa mahindi waliokuwa wakipoteza mazao yao kwa panya. Baadaye ulizaa matumizi ambayo hakuna aliyeyatarajia mwanzoni: panya buku waliofundishwa kunusa mabomu yaliyotegwa ardhini, na kutambua kifua kikuu (TB) katika makohozi ya wagonjwa. Kazi hiyo ya kufundisha panya hufanywa kwa ushirikiano wa SUA na APOPO, shirika lisilo la kiserikali lililoanzishwa nchini Ubelgiji.

Habari za panya hao zimeenea duniani kote, na kwa kawaida husimuliwa kama kisa cha kufurahisha kuhusu mnyama mwerevu. Kisa hicho ni cha kweli, lakini huacha nje sehemu iliyo muhimu zaidi kwa mtu anayetaka kujua utafiti wa chuo kikuu unaifaaje jamii, yaani miaka mingi ya kazi ya polepole mashambani kabla ya panya wa kwanza kufika Msumbiji, na kazi ya kumtafuta mgonjwa mtaani baada ya panya kumaliza sehemu yake.

Chanzo: panya shamba

Mnyama aliyewaleta watafiti Morogoro si panya buku bali panya shamba (jina la kisayansi: Mastomys natalensis), panya mdogo anayepatikana karibu kote Afrika kusini kwa Sahara. Jike mmoja huweza kuzaa watoto 10 au zaidi kwa mzao mmoja. Hufukua mbegu za mahindi mara tu zinapopandwa na kutafuna miche inapochomoza, hivyo katika mwaka mbaya mkulima hulazimika kupanda upya mara mbili au tatu, na mbegu humwishia kabla mvua haijaisha. Makadirio yanayotajwa sana kwa Tanzania ni kwamba panya hula kati ya 5% na 15% ya mahindi kila mwaka. Hasara hiyo haigawanyiki sawasawa: wakulima wengi hupoteza kidogo tu, na wachache hupoteza karibu shamba zima.

Panya huhusika pia na magonjwa. Tauni, inayoenezwa na viroboto wa panya, ilizuka wilayani Lushoto mkoani Tanga mwaka 1980 na ikawa inarudi mara kwa mara kwa zaidi ya miaka 20. Watafiti wa SUA walifanya kazi huko pia, wakichunguza ni panya gani na viroboto gani wanaohifadhi ugonjwa huo kati ya mlipuko mmoja na mwingine.

Njia yao ya kazi ni rahisi kuieleza na ngumu kuivumilia. Katika eneo lililopimwa, mitego inayokamata panya bila kuwaua hupangwa kwa mistari na kutiwa chambo cha siagi ya karanga iliyochanganywa na unga wa mahindi. Asubuhi kila panya aliyenaswa hupimwa uzito, huangaliwa kama ni dume au jike na kama amefikia umri wa kuzaa, hutiwa alama, kisha huachiwa pale pale alipokamatwa. Mwezi unaofuata kazi hurudiwa, na mwezi mwingine, kwa miaka mingi. Mkulima anayepita na kumwona msomi akimwachia panya aende zake ana haki ya kushangaa. Hata hivyo hakuna njia nyingine ya kujua wangapi wanaishi, wangapi wanakufa na ni lini wanaanza kuzaa.

Jibu lililopatikana lilihusu mvua. Morogoro ina vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, na masika, kuanzia Machi hadi Mei. Mwaka wa kawaida panya shamba huzaa baada ya masika, na watoto wao hukaa miezi mingi bila kukomaa. Vuli ikiwa nyingi na ya mapema, wale wachanga hukomaa upesi na kuanza kuzaa kabla ya wakati wao, hivyo katika msimu unaofuata idadi yao huongezeka ghafla. Mwaka 1996 Herwig Leirs wa Chuo Kikuu cha Antwerp pamoja na wenzake walichapisha njia ya kutabiri ongezeko hilo kwa kuangalia mvua. Kwa upande wa SUA, majina yanayorudi tena na tena katika machapisho ya kazi hii ni pamoja na Robert Machang'u, Rhodes Makundi, Apia Massawe na Loth Mulungu.

Faida kwa mkulima ilikuwa ushauri unaopingana na mazoea. Watu wengi huweka sumu wanapoona miche imeliwa, wakati panya wameshakuwa wengi na hasara imeshatokea. Utafiti ulionyesha kwamba hatua zichukuliwe kabla ya kupanda, na zichukuliwe na wenye mashamba ya jirani kwa pamoja, kwa kuwa shamba moja likisafishwa peke yake hujaa tena panya kutoka mashamba ya pembeni baada ya muda mfupi. Ushauri huu ni mzuri, lakini utekelezaji wake unategemea mabwana shamba na mikutano ya vijiji, mambo yasiyo mikononi mwa chuo kikuu.

Kutoka Antwerp hadi Morogoro

Katikati ya miaka ya 1990 Bart Weetjens, msanifu wa bidhaa kutoka Ubelgiji aliyekuwa amefuga panya na jamaa zao tangu utotoni, alikuwa akitafuta njia ya bei nafuu ya kutafuta mabomu ya ardhini katika nchi maskini. Alikuwa amesoma kwamba huko Marekani wanyama wadogo wa jamii ya panya walishajaribiwa kunusa baruti. Alimwendea Ron Verhagen, mtaalamu wa panya katika Chuo Kikuu cha Antwerp, naye akampendekezea panya buku: ni mnyama wa Afrika aliyezoea hali ya hewa na magonjwa ya huko, ana pua kali, na akifugwa huishi miaka 6 hadi 8, muda wa kutosha kulipa gharama ya mafunzo yake. APOPO ilianzishwa mwaka 1997 kwa msaada wa serikali ya Ubelgiji.

Mwaka 2000 kazi ilihamia Morogoro. Uhamisho huo haukuwa wa bahati. Antwerp na SUA walikuwa wameshafanya kazi pamoja juu ya panya shamba kwa miaka kadhaa. Walikuwepo watafiti, mafundi waliozoea kukamata na kutunza panya, na chuo chenye ardhi. Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilisaidia kuandaa uwanja wa mafunzo ambamo mabomu yaliyoondolewa uwezo wa kulipuka yalifukiwa. Ni vigumu kuona jinsi kazi hii ingeanza mahali pasipokuwa na utafiti wa awali wa panya wa mashambani, ingawa utafiti huo wenyewe haukuwa na neno lolote kuhusu mabomu.

Mafunzo ya panya buku

Panya buku (Cricetomys) ni panya mkubwa mwenye vifuko mashavuni vya kubebea chakula. Mwili na mkia wake kwa pamoja hufikia takriban sentimita 70, na uzito wake ni kilogramu 1 hivi. Macho yake ni dhaifu na hutegemea zaidi kunusa.

Mafunzo huanza panya akiwa na wiki chache tu, kwa kumzoesha watu, sauti na mwanga. Kisha hufundishwa kwamba mlio mfupi wa kidude cha kubofya maana yake ni chakula: kipande cha ndizi au karanga. Baadaye hupewa mlio huo pale tu anapogusa harufu inayotakiwa. Mafunzo yote huchukua takriban miezi 9. Panya wa mabomu hufanyiwa majaribio ambayo hata mkufunzi hajui bomu limefukiwa wapi, ili asije akamwonyesha panya bila kukusudia.

Hapa pana ugumu ambao wasimuliaji wengi huuruka. Katika uwanja wa mafunzo mkufunzi anajua ni wakati gani panya amepatia. Katika kazi halisi hajui. Panya akikwaruza ardhi, haijulikani kama kuna bomu mpaka mtu achimbe, na akisimama kwenye sampuli ya makohozi, haijulikani kama mgonjwa ana TB mpaka maabara ithibitishe. Akitunzwa kila anapokwaruza, atajifunza kukwaruza ovyo. Asipotunzwa kamwe, ataacha kazi. Kwa TB suluhisho lilikuwa kuchanganya miongoni mwa sampuli zisizojulikana zile ambazo zimeshathibitishwa kuwa na ugonjwa. Panya hutunzwa kwa hizo tu. Kwa mabomu, panya hurudishwa mara kwa mara katika uwanja wa mafunzo ili asisahau. Mambo kama haya ndiyo yaliyochukua muda wa watafiti kuliko kufundisha kwenyewe.

Kutafuta mabomu ya ardhini

Mabomu yaliyokusudiwa kuumiza watu kwa miguu yalitegwa kwa wingi Msumbiji wakati wa vita vya uhuru (1964-1974) na vita vya wenyewe kwa wenyewe (1977-1992). Vita viliisha, mabomu yakabaki. Ardhi yenye bomu moja tu, au hata inayodhaniwa tu kuwa nalo, hailimwi, hailishiwi mifugo, wala haipitiwi na watoto wanaokwenda shule. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ya kutegua mabomu ni kuthibitisha kwamba mahali fulani hapana kitu.

Chombo cha kutambua metali hulia kwa kila msumari, kizibo na ganda la risasi, na kila mlio lazima uchunguzwe kwa tahadhari ile ile. Panya hunusa baruti yenyewe na hupita vyuma vingine bila kujali. Hufungwa mkanda kifuani na kutembea kwenye kamba iliyoshikwa na watu wawili, ukanda baada ya ukanda, na anaponusa baruti hukwaruza ardhi. Uzito wake hautoshi kulipua bomu. Eneo lenye ukubwa wa uwanja wa tenisi hulimaliza kwa takriban nusu saa, ambapo mtu mwenye chombo cha metali huweza kuhitaji siku 1 hadi 4. Panya hategui bomu; akishaonyesha, kazi iliyobaki ni ya binadamu.

Mwaka 2004 panya wa kwanza walifaulu majaribio ya viwango vya kimataifa nchini Msumbiji. Mwaka 2008 APOPO ilikabidhiwa mkoa wa Gaza, nayo ikaumaliza mwaka 2012, kabla ya muda uliopangwa. Tarehe 17 Septemba 2015 Msumbiji ilitangazwa kuwa imemaliza kuondoa mabomu ya ardhini yanayojulikana. Panya hawakuifanya kazi hiyo peke yao, wala si wao waliofanya sehemu kubwa zaidi. Walikuwepo wateguaji wa mashirika kadhaa, mashine na mbwa. Panya waliozaliwa na kufundishwa Morogoro wamepelekwa pia Angola na Kamboja.

Aliyejulikana kuliko wote ni Magawa, aliyezaliwa Tanzania mwaka 2013 na kufanya kazi Kamboja tangu 2016. Mwaka 2020 alitunukiwa nishani ya dhahabu na PDSA, shirika la Uingereza la kutibu wanyama, akiwa panya wa kwanza kuipata. Alipostaafu mwaka 2021 alikuwa amegundua mabomu 71 pamoja na risasi na mizinga kadhaa isiyolipuka. Alikufa Januari 2022. Mwaka 2025 ilitangazwa kwamba panya mwingine, Ronin, ameivunja rekodi yake kwa kugundua mabomu 109.

Kutambua kifua kikuu

Nchini Tanzania kwenyewe hakuna tatizo kubwa la mabomu ya ardhini. Kuna kifua kikuu. Nchi imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa ugonjwa huo. Kwa mtazamo wa Mtanzania, basi, sehemu hii ya utafiti ndiyo yenye uzito, ingawa kwenye magazeti ya nje hutajwa baada ya mabomu.

Kwa miaka mingi kipimo cha kawaida katika zahanati na vituo vya afya kilikuwa kuangalia makohozi kwa hadubini. Ni kipimo cha bei nafuu chenye kasoro kubwa: ili bakteria waonekane, mililita moja ya makohozi inapaswa kuwa na bakteria 5,000 hadi 10,000. Mgonjwa mwenye bakteria wachache haonekani. Kundi hilo lina watu wengi wanaoishi na virusi vya UKIMWI pamoja na watoto wadogo, yaani wale wale ambao TB huwaua upesi. Mtu wa namna hiyo hurudi nyumbani na karatasi inayosema hana ugonjwa. Anaendelea kukohoa, anapewa dawa za kifua cha kawaida, analala chumba kimoja na familia. Makadirio yanayotumika sana ni kwamba mgonjwa wa TB ya mapafu asiyetibiwa huambukiza watu 10 hadi 15 kwa mwaka.

Tangu mwaka 2007 vituo vya afya vilivyojiunga na mpango huu, hasa vya Dar es Salaam na Morogoro, vimekuwa vikipeleka kwa panya sampuli ambazo tayari vimeshazipima kwa hadubini. Sampuli hupashwa moto kwanza ili kuua bakteria, harufu hubaki. Hupangwa kwenye kizimba chenye matundu sakafuni, na panya hupita tundu baada ya tundu. Akikuta anachokitafuta huganda na kuiweka pua pale kwa sekunde chache. Sampuli 100 humchukua takriban dakika 20, kazi ambayo mtaalamu mwenye hadubini huihitajia siku kadhaa.

Panya hatoi majibu ya mgonjwa. Sampuli aliyoionyesha hupimwa tena maabara kwa njia nyeti zaidi, na ikithibitishwa ndipo kituo hupewa taarifa. Katika vituo vilivyoshirikiana, idadi ya wagonjwa waliogunduliwa imeongezeka kwa takriban 40%. Kwa watoto tofauti ilikuwa kubwa zaidi. Katika utafiti ulioongozwa na Georgies Mgode wa SUA na kuchapishwa mwaka 2018, makohozi ya watoto 982 wenye umri wa hadi miaka 5 yalipimwa. Hadubini za vituo ziligundua wagonjwa 34, na panya wakaongeza 23 waliothibitishwa maabara. Watoto hao 23 walikuwa wameshaambiwa kuwa hawana TB.

Baada ya hapo linabaki jambo lisilohusu sayansi ya panya hata kidogo: kumpata mgonjwa. Katika mitaa ya Dar es Salaam isiyo na namba za nyumba, mtu aliyeambiwa juzi kwamba ni mzima hana sababu ya kurudi kituoni, na huenda amehama au amebadili namba ya simu. Mwanzoni majibu yalichelewa na wagonjwa wengi walipotea hivyo. Mabadiliko mawili yalisaidia. Maabara ilifunguliwa Dar es Salaam ili majibu yarudi ndani ya saa 24, badala ya sampuli kusafirishwa hadi Morogoro. Pia watu waliowahi kuugua TB na kupona walipewa kazi ya kuwatafuta wagonjwa nyumba kwa nyumba, kwa kuwa wanaijua mitaa na wanaweza kusema kwa ushahidi wa mwili wao kwamba dawa huponya. Bila wao, namba za maabara zingebaki kwenye daftari.

Mpango kama huo ulianzishwa pia Maputo pamoja na Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane, na baadaye Ethiopia.

Mipaka na hoja za wapinzani

Panya hajakubaliwa na Shirika la Afya Duniani kuwa kipimo rasmi cha TB, na ndiyo sababu hutumika kama mchujo wa pili tu. Huonyesha pia sampuli nyingi ambazo baadaye hukutwa hazina ugonjwa, na kila moja hugharimu kipimo kingine. Zaidi ya hayo, hawezi kusema kama bakteria wa mgonjwa ni sugu kwa dawa. Mashine ya GeneXpert, iliyopitishwa na shirika hilo mwaka 2010, huweza kufanya hivyo kwa dawa ya rifampisini, tena kwa saa mbili hivi. Wapinzani husema kwamba fedha za panya zingenunua mashine. Watetezi hujibu kwamba mashine huhitaji umeme wa uhakika na vifaa ghali kwa kila sampuli, na kwamba panya hupunguza sampuli zinazopaswa kupimwa kwa gharama hiyo. Hoja zote mbili zina ukweli ndani yake. Kadiri mashine zinavyofika katika vituo vingi zaidi, ndivyo nafasi ya panya inavyopungua.

Kwenye mabomu pia panya ana mipaka. Hawezi kufanya kazi katika nyasi ndefu, ambazo lazima zifyekwe kwanza. Jua kali humdhuru, kwa hiyo hufanya kazi alfajiri na asubuhi, tena hupakwa mafuta ya kukinga jua masikioni na mkiani.

Ukosoaji mzito zaidi unahusu fedha. Kazi hii imetegemea kwa kiasi kikubwa wafadhili wa nje, pamoja na watu binafsi wa Ulaya na Marekani wanaochangia kwa kumfadhili panya mmoja mmoja. Panya anayegundua bomu huvutia mchangiaji kwa urahisi. Mtego wa panya shamba, ambao ndio ulioanzisha yote, haumvutii mtu.

Matunda mengine

Kazi ya mashambani haikukoma panya buku walipopata sifa. Katika panya shamba wa Morogoro waligunduliwa virusi vya jamii moja na vile vya homa ya Lassa ya Afrika Magharibi. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 2009 na vikapewa jina la virusi vya Morogoro. Havijulikani kuwadhuru watu. Kwa sababu hiyo huwapa watafiti nafasi ya kuchunguza jinsi virusi vya aina hiyo vinavyoenea miongoni mwa panya pasipo hatari ya Lassa yenyewe.

Panya buku nao wanajaribiwa katika kazi nyingine. Wanafundishwa kutafuta watu waliofukiwa na majengo yaliyoporomoka, wakiwa wamebeba kifuko chenye kamera. Wengine wamefundishwa kunusa magamba ya kakakuona, pembe za ndovu na za faru, pamoja na mpingo, ili kusaidia ukaguzi wa mizigo inayosafirishwa kwa magendo. Hao huvaa fulana ndogo yenye kijigololi kifuani, ambacho hukivuta ili kutoa mlio. Matokeo ya kwanza ya mafunzo hayo yalichapishwa mwaka 2024, baada ya majaribio yaliyofanywa pia katika bandari ya Dar es Salaam.